Vumbi la Viatu vya Khattri

Mimi si mtu wa wivu. Wanaosema nina wivu ni dada zake Khattri, na hao hata ukiwapa maji ya baridi watasema umeyatemea mate. Mimi ni mtu wa kuangalia tu. Naangalia, nanyamaza, naweka moyoni, na siku yakijaa nayamwaga. Sasa yamejaa, kaa usikilize.

Khattri alikuwa mume wangu, na kazi yake ilikuwa maneno. Kila Alhamisi alasiri alikuwa na kipindi redioni. Watu walipiga simu kutoka Nuakshot yetu hii mpaka Nema kule mwisho wa lami, wakasoma mashairi yao, naye akayapima. Alikuwa na majivuno yake. Alisema mpe mistari miwili tu, atakwambia aliyetunga ni mwanamume au mwanamke, ametoka wapi, ana umri gani, na kama siku hiyo alikula nyama au alilalia maziwa matupu. Wageni wake walicheka na kumsifu, mimi nikawaletea chai. Na usidhani alibahatisha. Mara nyingi alipatia, mpaka wenye siri zao wakaogopa kumpigia simu.

Lakini mimi mkewe hakuwahi kunisomea hata mstari mmoja tangu wiki ya harusi. Nilimsamehe. Nilijiambia hata mwenye bucha huchoka na nyama, akirudi nyumbani anataka samaki. Nikajifanya samaki, miaka ikaenda.

Nyumba tuliyokaa ni yangu, aliniachia baba. Upande wa pili wa ukuta wa ua anakaa Salka, rafiki yangu tangu tunacheza na mifupa ya mbuzi mchangani. Salka ameachika mara mbili, na kwetu hilo halimpunguzii mwanamke kitu. Akirudi kwao anapigiwa ngoma, anatiwa hina upya, na wanaume wanaanza kupita pita mbele ya mlango kana kwamba njia nyingine zimezibwa. Salka alikuwa anaingia kwangu bila kubisha, na mimi kwake vivyo hivyo. Chumvi yangu yake, chumvi yake yangu.

Na Khattri alikuwa na tabia moja iliyojulikana mtaa mzima. Kabla ya kuingia ndani alivua viatu vyake vya ngozi, akavigonga kimoja kwa kingine, pa, pa, kukung'uta mchanga. Vumbi liliruka likamwingia yeyote aliyekaa karibu. Nilimgombeza mpaka nikachoka. Watoto wa mtaa walimwigiza kila akipita, naye akacheka.

Haya, sasa nije kwenye chanzo.

Ijumaa mchana, wanaume wakishakwenda msikitini na kula na kulala, sisi wanawake tulikusanyika kwenye hema la Lemneya, lile alilolisimamisha uani kwake. Lemneya ni wa ukoo wa waimbaji, wale wanaozaliwa na kinubi mkononi. Pale tuliimba tabraa, mashairi yetu wanawake, mistari miwili basi. Mwanaume hakai hapo. Na tabraa ina adabu yake. Unamwimba mwanaume, lakini humtaji jina. Unaweka kidokezo kidogo tu, kisima anachonyweshea ngamia, rangi ya kilemba, kitu kama hicho. Wala husemi, hii ni yangu. Unasema nimeisikia. Hata kama umeitunga asubuhi hiyohiyo ukikosha vyombo, unasema nimeisikia mahali fulani. Na hakuna wa kukuuliza zaidi. Anayeuliza amekosa adabu, na anayejitaja amejivua nguo mbele za watu.

Ijumaa moja zamu ikamfika Salka. Alikuwa ametoka kwa bibi yake Butilimit siku chache nyuma, bado ana mchanga wa kule kwenye pindo la melhafa yake, ile nguo ndefu tunayojitanda kutoka kichwani. Akasema nimeisikia, akaimba:

Kwenye mkono wa chai, kovu lake la zamani;
wengine wainywe chai, moto uko kwangu ndani.

Wanawake wakashangilia. Mimi nilikuwa napiga makofi, mikono ikaendelea yenyewe, lakini moyo ulisimama. Khattri ana kovu kwenye mkono wa kulia, juu kidogo ya kifundo. Birika lilimpindukia wiki ile ya harusi yetu, na mimi ndiye niliyempaka mafuta. Nilimtazama Salka usoni, naye akanitabasamia kama siku zote. Hilo tabasamu ndilo lililonimaliza.

Tangu siku hiyo sikuwa na raha. Nilinusa kilemba cha Khattri kabla sijakifua. Simu yake ikilia nilitega sikio mpaka shingo ikauma. Salka akimsalimia, nilisema moyoni, umeona? Asipomsalimia nilisema, umeona, sasa wanaficha. Akileta bakuli la zrig nilijiuliza kwa nini maziwa leo yana sukari nyingi hivi, yamekorogwa kwa ajili ya nani. Khattri mwenyewe alinikuta mara kadhaa nimekodolea macho lile kovu akimimina chai, akaniuliza kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu. Nilimchukia kwa kuuliza, na ningemchukia zaidi asingeuliza.

Kuuliza sikuweza. Ningemuuliza Salka nini? Shairi ulilosema umelisikia, limemhusu nani? Angenicheka mbele za watu, na angekuwa na haki. Basi nikaamua kumtegea. Nilijua mwanamke anaweza kuficha kwamba anapenda, lakini hawezi kuficha uso wake akisikia kuna mwingine anayempenda huyohuyo. Nitatunga tabraa ya Khattri, nikaone nani atashtuka.

Nilikaa nikajaribu kutunga, hakuna kilichokuja ila upuuzi wa kilemba na ngamia. Ikaja siku nafagia kizingiti. Khattri alikuwa amekwisha ingia, ameacha vumbi lake pale kama kawaida yake, nami nikainama na ufagio huku nikisonya. Nikajiambia, hebu jitie kuwa huyo mwanamke. Mlango huu si wako. Unausikia mlio huo kutoka mbali, unajua anaingia kwa mtu mwingine. Utataka nini kwake? Hutapata mkono wake, hutapata chai yake. Utataka hata hilo vumbi.

Mistari ikaja yote kwa pamoja, na ufagio ukanianguka. Nikaogopa, wallahi. Kwa sababu sikuwa najitia. Nilikuwa namtamani mume wangu mwenyewe, nyumbani kwangu mwenyewe, miaka yote hiyo, na sikujua mpaka nilipojifanya mtu mwingine.

Ijumaa ilipofika na zamu yangu ikafika, nikasema nimeisikia Butilimit. Nilitaja Butilimit makusudi, ndoano iingie vizuri, maana Salka ndiye aliyekuwa huko. Nikaimba, macho yangu yote kwake:

Akivigonga viatu, mlango usio wangu,
vumbi lake lipotee, liingie jicho langu.

Hakushtuka. Salka aliinua kichwa taratibu, akasema, "Rudia, Nebghuha."

Nikarudia. Wengine hawakushtuka pia. Ningeachwa hapo shairi lingekufa, lingeliwa na mazungumzo kama mkate mkavu. Lakini Lemneya akakivuta kinubi. Alikuwa anapiga ile njia nyeupe ya furaha, akazilegeza nyuzi akaingia njia nyeusi, ile ya majonzi, akayachukua maneno yangu. Yalipotoka kinywani mwangu yalikuwa mtego. Yalipotoka kwake yalikuwa mwanamke amesimama nje kwenye jua, mlango umefungwa. Mama mtu mzima alijifuta macho kwa melhafa. Nami nililia. Nililia uongo wangu, ukiuita uongo. Nilisahau hata kuwaangalia wengine nyuso.

Mtu alikuwa amerekodi kwenye simu. Mpaka Jumapili tabraa ile ilikuwa sokoni, kwenye maduka ya vitambaa, kwenye gari za kwenda Rosso. Na nani Nuakshot hajui nani anagonga viatu?

Khattri ilimfikia kupitia kwa dada zake, hao hao. Mwanzoni alicheka. Akaja kunisimulia mwenyewe mezani, akasema eti kuna kichaa anamwimbia vumbi. Nikamwambia kula, wali unapoa. Lakini nilimwona. Kesho yake alivaa daraa mpya, kanzu pana ya wanaume, imepigwa nta mpaka inalia akitembea. Akajitia manukato mchana wa saa nane. Na alipofika mlangoni alivigonga viatu polepole, kwa nguvu, kisha akasimama pale ameshika kiatu huku na kiatu kule, akiangalia kuta za majirani. Nilikuwa nyuma ya pazia. Nilitaka kumcheka na nilitaka kumpiga. Tena kulikuwa na kitu kingine, cha aibu kidogo: nilifurahi. Alikuwa amejipamba kwa ajili yangu, mpumbavu yule, na hakujua.

Alhamisi akaisoma redioni. Hakusema kwamba yeye ndiye mwenye viatu, hiyo adabu alikuwa nayo. Aliipima kama anavyopima nyingine. Mimi nilikuwa jikoni namenya vitunguu, redio iko dirishani. Akasema aliyetunga hii hana mume. Akasema mkono wa aliyekwisha kupata hauandiki hivi, huu ni mkono wa mtu aliye nje. Akasema ni wa Butilimit au amekaa Butilimit, kwa sababu mchanga umo ndani ya maneno. Na akasema, sauti ikamshuka kidogo, kwamba kwa miaka yote ya kipindi chake hajapata kukutana na mwanamke anayejua kutaka namna hii. Nikacheka peke yangu mle jikoni mpaka machozi yakanitoka. Nilisema ni vitunguu, ingawa hakukuwa na mtu wa kumwambia.

Hapo ndipo mambo yaliponitoka mkononi. Watu walisikia hana mume. Wakasikia Butilimit. Na Nebghuha mwenyewe, mke wa mtu, si ndiye aliyeileta hemani akasema ameisikia Butilimit? Basi nani katoka Butilimit, hana mume, na anakaa ukuta kwa ukuta na Khattri, anausikia ule mlio kila siku? Walijumlisha wenyewe. Mimi ndiye niliyewapa kila kitu, kimoja kimoja, kwa mkono wangu.

Salka naye alifanya nini? Hakufanya kitu. Ijumaa iliyofuata Lemneya alipoimba ile tabraa, wanawake wote walimgeukia Salka. Naye akavuta pindo la melhafa akaziba mdomo, akatazama chini kwenye mkeka. Basi. Neno moja hakusema.

Nilimfuata kwake siku hiyohiyo. Sikuketi. Nilimuuliza kwa nini amejiziba mdomo.

"Nilikuwa na jino linaniuma," akasema.

"Salka, ile si yako."

"Nimesema ni yangu? Hebu niambie, nimesema lini, na mbele ya nani."

"Umewaacha waseme."

"Na wewe umesema umeisikia. Ulisema mbele ya kila mtu. Sasa unataka mimi niseme nini, mwenzangu? Niseme, msimsikilize Nebghuha, ametunga mwenyewe, anamlilia mumewe? Watakucheka mpaka kwenye chakula cha matanga yako."

Mpaka leo sijui kama alinionea huruma au alikuwa ananifunga kamba. Nimeligeuza lile jibu juu chini, chini juu. Kila nikiligeuza linabadilika sura, kwa hiyo nimeacha.

Nikaona liwalo na liwe, nitamwambia Khattri. Nilimngojea alasiri, nikamwandalia chai uani, nikaondoa mito ya wageni tukabaki wawili tu. Nikamwambia ile tabraa ni yangu. Nilisema hivyo, wazi, jambo ambalo mwanamke wa kwetu hasemi. Uso ulikuwa unawaka.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliweka glasi chini akasema kwa upole, "Nebghuha, mtu hamlilii aliye naye."

"Nilikulilia," nikasema.

"Kwa nini? Nilikuwa nimekwenda wapi?"

Ungekuwa wewe ungejibu nini? Alikuwa kitandani kwangu kila siku, anakula wali wangu. Maneno ya kumweleza alikuwa wapi sikuwa nayo, ila yale ya mistari miwili, na hayo alikuwa ameshampa mtu mwingine. Nikabaki nakunja pindo la nguo.

Akaniambia basi nitunge nyingine, hapa, sasa hivi, yeye atajua. Alisema kwa nia njema, nadhani. Nikajaribu. Nilifumba macho, nikatafuta. Kilichokuja ni kilemba na ngamia. Nikasema mstari mmoja wa ovyo kabisa, nikauacha katikati. Khattri akanimiminia chai mwenyewe, akaniwekea glasi mkononi, akavikunja vidole vyangu juu yake. Machoni nikamwona ananihurumia, ya kwamba mkewe ameumwa na wivu mpaka anadai shairi la watu. Nikaimwaga ile chai mchangani mbele yake.

Baada ya hapo alinishuku kila nilichofanya. Nikimwuliza ametoka wapi, alidhani namchunguza. Nikinyamaza, alidhani napanga jambo. Nyumba ilikuwa na watu wawili na kila mmoja anamtazama mwenzake kwa pembe ya jicho. Mimi niliyaanza hayo ya kushukiana, sikatai, lakini yeye akayajulia kunishinda.

Aliniacha kwa heshima. Mashahidi walikuja, maneno yakasemwa mara moja tu, kila mtu akakaa vizuri. Mkataba wetu ulisema hataoa juu yangu, na hakuuvunja. Nyumba yangu, basi yeye ndiye aliyefunga mizigo. Vitabu vyake vilijaza nyuma ya gari ya mjomba wake. Mimi nilikaa kizingitini, kwa sababu sikutaka aseme nilijifungia kulia.

Alipotoka mara ya mwisho aliinama kuvaa viatu. Vilikuwa safi. Alikuwa anatoka, hakuwa na haja ya kuvigonga. Nikaviangalia vile viatu, na yale maneno niliyoyatafuta siku ile ya chai yakaja yenyewe, sikuyaita. Nikayasema, sikuimba:

Mlango huo ni wangu, vumbi nimelifagia;
viatu vimeondoka, jicho bado linalia.

Khattri akasimama, kiatu kimoja mguuni. Aligeuka, na uso wake ukawa ule uso wa redioni, macho yanametameta. Nikasema moyoni, amejua. Hatimaye mtu huyu amejua.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Mkono uleule," akasema polepole. "Wallahi ni mkono uleule." Kisha akakunja uso, akanisogelea. "Umeisikia wapi? Ameitunga lini? Mbona hii hakuitoa hemani?"

"Khattri, ni yangu."

"Mwachie mwenzako hata hii, Nebghuha," akasema, akavaa kiatu cha pili.

Nilikaa pale mpaka gari likapotea. Sikuwa na hasira. Hasira ilikuja baadaye, Alhamisi, nilipomsikia redioni akiisoma kwa sauti ile tamu. Alisema mtunzi ni yuleyule, hana shaka hata chembe. Alisema mlango uliotajwa humo ni mlango wa moyo. Mlango wa moyo! Mlango wangu wa mbao, uliopakwa rangi ya kijani na baba yangu, bawaba ya chini imelegea. Nilizima redio nikaitia kwenye kapu la nguo chafu.

Eda yangu ilipokwisha Lemneya akaja na kinubi chake, ndugu zangu wakachinja, wakanitia hina, wakanipigia ngoma ya mwanamke aliyerudi kuwa wa kwao. Shangazi Maghlaha alitoka Mederdra, na ngamia kumi wasingemzuia. Salka naye alikuja, jirani haachi kuja. Alikaa mbali kidogo.

Katikati ya makofi mtu akaimba ile ya kovu na mkono wa chai. Shangazi Maghlaha akaidaka, akaiimba mpaka mwisho, meno yake machache yote nje. Nikamuuliza hiyo ameijulia wapi.

"Hii?" akasema. "Tuliiimba mimi na marehemu mama yako kabla hamjazaliwa. Ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja wa chumvi. Au ya kaka yake. Kila mwanaume anayemimina chai ana kovu, mwanangu, we hujaona?"

Nikawaangalia wanawake wale mmoja mmoja, nikawafikiria waume zao, kaka zao, baba zao. Kweli. Kaka yangu mwenyewe ana kovu mikono yote miwili. Baba alikuwa nalo. Nilishika tama pale kwenye ngoma yangu, hina haijakauka, ikanichafua shavu.

Zamu ikanifikia. Waliningojea. Na mimi nikasema, nimechoka na adabu, potelea mbali. Nikaimba ile ya mlango na jicho linalolia, nikaiimba kwa njia nyeusi, Lemneya akanifuata kwa nyuzi. Nilipomaliza sikusema nimeisikia. Nilisema, "Hii ni yangu."

Na hapo hapo Salka akavuta pindo la melhafa, akaziba mdomo.

Macho yote yakamwendea yeye. Yalimwendea kwa huruma, kama mtu aliyeibiwa mbele za watu na akaona haya kudai. Shangazi Maghlaha akanishika goti akaninong'oneza, mwanangu, sema umeisikia, usijitie aibu siku yako. Lemneya peke yake alinitazama mimi. Waimbaji wanajua, nadhani. Lakini kazi yao ni kuimba, si kutoa ushahidi, naye akarudi njia nyeupe na watu wakapiga makofi.

Khattri alimwoa Salka baada ya Idi. Sikuitwa, wala sikungoja kuitwa. Shangazi Maghlaha hakurudi Mederdra, alibaki nami, anasema kwa ajili ya macho yake na hospitali. Jioni tunakaa uani, tunaegemea ukuta kwa sababu una kivuli, yeye anachambua mchele na mimi nasikiliza yasiyonihusu. Nasikia Salka akicheka. Nasikia mlango wake ukifunguliwa, na sijaacha kujiuliza kila mlio una maana gani.

Juzi upepo ulikuwa unavuma kutoka upande wa kwao. Nikasikia hatua njiani, nikazijua kabla hazijafika. Zikapita mlango wangu. Zikasimama kwao. Halafu viatu vikagongwa, kimoja kwa kingine, pa, pa, kama zamani. Vumbi likapanda juu ya ukuta, nyekundu kidogo kwenye jua la magharibi, likatushukia.

Shangazi akaacha mchele. Akanitazama, akaniuliza nalia nini.

Nikamwambia silii, ni vumbi tu, limeniingia jichoni.